Kabange Alinizika ku Televizyo

Mudogo yangu Kabange alishinda mashindano ya televizyo kule Kinshasa sababu ya machozi. Siku kura zake zilipunguka, alilia mbele ya kamera, akasema Kiungu, mapasa mwenzake wa tumbo moja, alikufa na njaa. Kiungu njo minyi mwenyewe. Niko muzima, nauzisha samaki ya kukauka ku soko ya Kamina.

Bantu bote bakamupigia kura. Sasa iko na emisyo yake, kipindi kyake ku televizyo, na mapicha yake iko ku kila barabara. Na minyi? Kwetu hatulilie mapasa, hata mumoja akikufa kweli, sababu machozi inaita lufu, kifo, kwa ule mwenye kubakia. Bakiliya banaepuka meza yangu sawa vile nimekwisha kuoza.

Juzi alifika hapa na bantu ya kamera. Akanipigia simu: "Yaya, mukubwa yangu, bakia mu nyumba. Usiniharibie kazi."

Kazi! Nilitoka na kikwembe kyangu kya kujifunga ku soko, kyenye kunuka samaki, nikapita katikati ya bantu mbele ya gare ya treni, nikapanda ku jukwaa pale alisimama analia tena. Sura moja, bantu babili. Nikamunyanganya mikro ya kusemea.

"Minyi njo ule mufu," nikasema. "Mumuulize alinizika wapi."