Alipokea, Hakusema Neno

Kufikia saa moja kasorobo asubuhi Gerishom alikuwa ameshafunga tai, ameshapiga viatu brashi, na amebakiwa na jambo moja tu kabla ya kwenda kusimama mlangoni. Alitakiwa kutoa simu. Walinzi wote wa jengo lile la Jumeirah Lakes Towers, Dubai, hutoa simu. Zinafungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya chumba cha kamera, na ufunguo anao Atheer, msimamizi wao, Mwarabu mmoja mwembamba anayekunywa chai tangu alfajiri mpaka magharibi na bado anaonekana hajaamka.

"Sir, leo ni ile kesi ya dada yangu," Gerishom alimwambia kwa Kiingereza chao cha kazini. "Saa nne wanasoma uamuzi. Niachie simu dakika tano tu."

"Break yako saa ngapi?"

"Saa saba, sir."

"Basi utasoma saa saba. Uamuzi hauozi." Atheer akafunga kabati. "Yalla, mlangoni."

Ndivyo siku ilivyoanza. Nje jua la mwezi wa saba lilikuwa limeshaanza kuchoma lami, na kila mtu aliyeingia aliingia na joto lake, na kila aliyeingia ilibidi afunguliwe mlango kwa tabasamu. Good morning, madam. Good morning, sir. Mzungu mmoja mwenye mbwa alitaka kujua kwa nini mzigo wake haujafika. Gerishom akamwambia atafuatilia. Akilini alikuwa anahesabu saa za Kenya, ambazo ziko nyuma kwa saa moja.

Dada yake Jecinta alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwezi wa pili alikutwa amekufa katika nyumba ya Nick, mwanakandarasi mwenye malori matatu na marafiki wengi, mtu aliyekuwa akijiita shemeji hata kabla ya kuleta mahari. Majirani walisikia mayowe. Nick alikamatwa na mikwaruzo shingoni, akashtakiwa kwa mauaji, akakana, akawekwa rumande. Wakili wake akaomba bondi, dhamana ya kukaa nje kesi ikiendelea. Jaji akaagiza afisa wa probesheni aiulize familia ya marehemu inasemaje, kisha alete ripoti. Mama yao alipoulizwa alilia tu, akasema, "Mpigieni Gerishom, yuko Dubai. Jecinta alikuwa anamwambia kila kitu."

Na kweli alikuwa anamwambia. Siku nne kabla ya kufa, Jecinta alimtumia kaka yake ujumbe wa sauti. Nick ameapa, alisema, kwamba nikimwacha atanizika mimi na mama. Gerishom alimwambia mpelelezi habari hiyo kwa simu. Mpelelezi akasema hayo mwambie afisa wa probesheni, atakupigia. Basi akangoja kupigiwa. Majuma mawili alingoja. Hakuna aliyempigia.

Saa sita Everlyn aliingia na trei ya kahawa. Everlyn ni msichana wa nyumbani kabisa, kwao na kwa kina Gerishom ni kilima na kilima, na sasa anafanya kazi kwenye mkahawa ulio chini ya jengo la pili. Kwa kawaida hupita akimtania kwamba tai inamnyonga. Leo aliiweka trei juu ya kaunta.

"Gerishom, umeona?"

"Nimeona nini? Simu iko kwa kabati."

"Wamemwachilia." Aliangalia kulia na kushoto. "Bondi ya milioni mbili na mdhamini mmoja. Ametoka akipungia watu. Huko sokoni wamechoma matairi, wamama wamekaa barabarani na matawi, lori lake moja limevunjwa vioo. Kila mtu ameposti."

Gerishom akashika kaunta. "Lakini si serikali ilikuwa inapinga?"

"Ilipinga." Everlyn akashika trei tena, akaiacha. "Aki sijui nikuambieje. Wanasema ripoti ilisomwa, ikasema familia haina pingamizi. Wewe ndio wanakutaja. Ati ulipigiwa mara tatu ukanyamaza."

"Mimi? Nani amenipigia?"

"Mimi najua? Watu wanasema umekula pesa za Nick."

Lifti ikalia, mtu akatoka, Gerishom akamfungulia mlango. Have a nice day, sir. Everlyn akachukua trei yake akapanda juu, maana kahawa ya watu ilikuwa inapoa.

Kutoka saa sita mpaka saa saba ni saa moja tu, lakini wee, saa ile ilikuwa ndefu. Kabati lilikuwa hatua kumi nyuma yake. Mara mbili alikwenda kumwomba Atheer, na mara mbili Atheer alimwonyesha saa ya ukutani.

Saa saba kamili alichukua simu yake akakimbilia ngazi za dharura, mahali ambapo walinzi hula wali wao kwenye vikopo. Ujumbe wa sauti wa mama ulikuwa juu ya jumbe zote. Nyumbani huwa wanatuma sauti, maana walishazoea kwamba simu za intaneti kwenda Dubai hazipiti, huko zimefungwa. Unaona inaita, unaona imepokelewa, halafu hamsikiani, kila mmoja anaita halo peke yake upande wake. Kila mwenye mtu Dubai anajua hivyo.

"Gerishom. Ni mama." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Wamesoma jina lako kortini. Wamesema kijana wa Dubai alipokea simu mara tatu, hakusema neno. Watu wote wakageuka wakaniangalia. Mimi nimewaambia mwanangu hawezi. Lakini Gerishom, kama kuna kitu ulipewa, niambie mimi peke yangu. Sitamwambia mtu."

Alikaa kwenye ngazi. Wali ulibaki kwenye kikopo haujafunguliwa. Kisha akaanza kurudi nyuma kwenye orodha ya simu, siku baada ya siku, na alipofika Jumanne ya juma lililopita akaiona. Namba ya Kenya asiyoijua. Picha yake ilikuwa maua na mstari wa Biblia. Simu tatu za intaneti, zote saa za mapumziko, na ujumbe mmoja wa maandishi: Habari Gerishom. Naomba tuongee, ni muhimu. Mungu akubariki.

Sasa, ukikaa Dubai miaka sita unapokea jumbe kama hizo mpaka unachoka. Naomba tuongee ni muhimu maana yake ni nitafutie kazi. Mpwa wa jirani, binamu wa mchungaji, mtu mliyesoma naye darasa la tatu, wote ni muhimu na wote Mungu akubariki. Gerishom aliusoma ule ujumbe na hakujibu. Simu mbili za kwanza alizipokea, hakusikia kitu, zikakatika. Ya tatu aliipokea akasema, "Dada, viza hakuna, tafadhali, nisamehe," akakata. Hata hakukumbuka kwamba maneno yake hayaendi popote.

Aliweka salio la dirham thelathini, pesa alizokusudia kula nazo mpaka Ijumaa, akapiga ile namba kwa laini ya kawaida. Mwanamke alipokea mara moja.

"Naongea na nani?"

"Ni Gerishom, kaka yake Jecinta. Niko Dubai."

"Ahaa. Mimi ni Lois, afisa wa probesheni. Leo ndio umeamua kuongea?"

"Madam, simu za intaneti huku hazipiti. Sikukusikia, na wewe hukunisikia."

"Ilionyesha umepokea. Mara tatu. Ya mwisho ukanikatia."

"Nilipokea, madam, lakini hazipiti! Ungenipigia simu ya kawaida."

"Kwa salio la nani?" Lois hakuwa amekasirika. Alikuwa na sauti ya mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi. "Ofisi haina pesa za kupiga nje ya nchi. Hata ile nilikupigia ni bando langu mwenyewe. Na nikakuandikia. Ukasoma, tiki za bluu nimeziona, ukanyamaza."

"Hukusema wewe ni nani!"

"Mambo ya korti hatuandiki kwa simu ya mtu, tumekatazwa. Kaka yangu, mimi niliandika nilichokiona. Alipokea, hakusema neno. Mwingine angeandika hukupatikana. Sijui ingebadilisha nini."

Gerishom akamwambia habari ya ujumbe wa sauti wa Jecinta. Akamwambia Nick aliapa kumzika mama pia.

"Ungeniambia hilo Jumanne, ningeliweka ukurasa wa kwanza," Lois alisema polepole. "Sasa sikiliza. Ripoti imeshafungwa, siwezi kuigusa. Uape kiapo mbele ya wakili huko, ukitume kwa mwendesha mashtaka, aombe bondi ifutwe. Lakini kesho kutwa korti inaenda likizo, mpaka katikati ya mwezi wa tisa."

"Na mama yangu anaishi vipi mpaka mwezi wa tisa?"

"Kuna masharti. Nick haruhusiwi kumkaribia shahidi wala mtu yeyote wa familia. Hata kuwapigia simu haruhusiwi."

"Anayeangalia kama anafuata ni nani?"

Lois alivuta pumzi. "Mkiona amekiuka, mripoti," alisema.

Alipotoka ngazini ilikuwa saa nane na dakika saba. Atheer alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi.

"Dakika saba, Gerishom."

"Sir, wamemwachilia aliyemuua dada yangu."

Atheer alimtazama. Labda alitaka kusema kitu kingine. "Khalas, basi. Weka simu, rudi mlangoni," alisema, kisha akaitwa kwenye kamera na yeye akaenda. Gerishom akatia simu mfuko wa ndani wa koti. Hakuwahi kufanya hivyo kwa miaka sita, na wala hakujiuliza mara mbili.

Mchana ukajikokota. Alimtumia mama sauti ya kueleza yote, ikakaa na tiki moja, simu yake labda imeisha chaji. Saa kumi na robo simu ikatikisika kifuani. Namba ya Kenya, laini ya kawaida. Akadhani ni Lois.

"Gerishom, shem wangu. Ni Nick."

Sauti ilikuwa safi, kama mtu aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Huyo hakukosa salio.

"Nimekupigia kukushukuru," Nick aliendelea. "Kile kitu kilisomwa nikakisikia kwa masikio yangu. Ungeniharibia, ukanyamaza. Huo ni utu uzima. Na mama nimempita hapa darajani sasa hivi, nikampungia. Hakuitikia, lakini sina ubaya na yeye. Mwambie asiogope."

Gerishom akapaza sauti. "Nick, mimi sikunyamaza. Simu haikupita. Nakupinga. Umenisikia? Nakupinga!"

Mwanamke aliyekuwa akingoja lifti na mifuko ya sokoni aligeuka.

"Sasa unaniambia mimi?" Nick alicheka kidogo, bila ubaya. "Kwani mimi ni korti?" Akakata.

Gerishom akampigia Lois palepale, wala hakujificha. "Madam, amenipigia! Amekiuka masharti!"

"Umemrekodi?"

"Hapana."

"Basi ripoti polisi."

"Polisi wa wapi, madam?"

"Wa... kituo kilicho karibu nawe," Lois alisema, na hapo salio likaisha.

Juu ya kaunta palikuwa na kitabu cha matukio, kile kitabu kikubwa ambamo walinzi huandika bomba lililopasuka na ufunguo uliookotwa. Kurasa zake zina namba. Hazichanwi, na kikijaa huwekwa miaka mitano. Gerishom alikifungua, akaandika kwa mwandiko wa shule, bila haraka:

Saa 16:17. Nick, mshtakiwa wa mauaji ya dada yangu Jecinta, ametoka kwa bondi leo na amenipigia simu ingawa korti imemkataza. Namba aliyotumia ni hii hapa chini. Amesema amempita mama yangu darajani. Mimi kaka wa marehemu napinga bondi yake.

Alikuwa anaandika namba wakati Atheer alipofika.

"Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili, sir."

"Inasema nini?"

Gerishom alimtafsiria sentensi moja moja mpaka mwisho. Atheer aliweka kikombe chini, akakaa muda akitazama ule ukurasa asioweza kuusoma.

"Pole. Wallahi, pole," alisema. "Lakini hiki ni kitabu cha jengo. Meneja anakisoma. Piga mstari, andika imefutwa, weka sahihi."

"Haifutiki, sir. Imetokea."

"Imetokea Kenya."

"Imetokea hapa. Nimepigiwa nikiwa nimesimama hapa."

"Ukiwa na simu zamuni." Atheer alisema hivyo kwa uchovu, kama anayetamani akanushiwe. "Ukiacha hayo maandishi, unajua lazima nikuandikie onyo. Nikiulizwa, nitasema nini? Mlinzi alipigiwa simu, akapokea, akiwa kazini."

"Andika hivyohivyo, sir," Gerishom alisema. "Na uandike kwamba niliongea."