Mstari wa Mwezi wa Nane

Karani alikuwa kijana mwenye heshima zake. Alipomwona Warigia mlangoni mwa ofisi ya miradi ya akina mama, mjini Nyeri, aliondoa koti lake kwenye kiti cha pekee, akakipangusa kwa kiganja.

"Keti, cucu. Umetoka mbali?" akamwuliza, akimwita bibi kwa Kikuyu.

"Hapa tu Majengo. Nimekuja kuulizia chumba chetu cha kufumia."

Chumba hicho, pamoja na mashine mbili za kufuma sweta, wanawake kumi na wawili walikuwa wamekingojea miaka mitatu. Sharti lilikuwa moja: kila kikundi kilete mpango wa kazi wa mwaka 1978, kuanzia Februari hadi Januari ya mwaka unaofuata, mstari mmoja kwa kila mwezi, uonyeshe ni sweta ngapi na za shule gani. Warigia na wenzake waliujaza wakiwa wameizunguka meza ya mwenzao Mwanaisha.

Karani, Moffat jina lake, akatoa karatasi yao kwenye faili. Chini ya mstari wa Julai palikuwa pamepigwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: Miezi sita. Haitoshi.

"Lakini tuliandika mpaka Januari," Warigia akasema. "Hebu shuka chini."

Kidole cha Moffat kikavuka mstari mtupu, kikafika Septemba, Oktoba, Novemba. Kote kumejaa. Kijana akakirudisha kidole juu.

"Mkaguzi hutafuta mstari wa mwisho uliojazwa," akasema. "Anashuka na rula. Akikuta pako wazi, anajua kazi imeishia hapo. Faili ziko mia mbili, cucu. Mbona mliruka Agosti?"

"Ni Ramadhani. Watano wetu hufunga."

Siku ile mezani Mwanaisha, mmoja wa hao watano, alikataa mwezi huo uachwe. "Tutafuma tu, Mama Theuri. Mtu hafumi kwa tumbo."

"Nyamaza," Warigia akamjibu. "Mwaka jana ulisinzia ukafuma sweta ya mikono mitatu."

Walicheka hadi chai ikapoa. Ni yeye Warigia aliyesema kwamba mwezi ule wasiahidi hata sweta moja, wenzao wafunge kwa amani. Na ni yeye aliyekataza wasiandike sifuri, wasije wakaonekana wavivu.

"Sasa jaza hapo," akamwambia Moffat. "Andika kumi. Nitazifuma mimi mwenyewe."

"Kalamu niko nayo, cucu. Lakini orodha ya waliopita ilienda Nairobi jana, na chumba kimepewa kikundi kingine. Wamechukua ufunguo asubuhi."

"Na wewe huwezi kuwaambia wakubwa?"

"Nitaandika barua. Lakini sitakudanganya, zile nimeandika hazijawahi kujibiwa."

Akamimina chai yake ya thamosi kwenye kifuniko, akampa kwa mikono miwili. Warigia hakuwa na kiu, ila aliinywa yote, kwa maana kijana hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Kisha akamwomba ile karatasi. Moffat akamwachia, haikuwa na kazi tena.

Mwanaisha alikuwa akingoja nje, kwenye ngazi.

"Eh, Mama Theuri, tuhamie lini? Nimeshachagua upande wa dirisha, usije ukaninyang'anya."

Akiwa ndani, Warigia alikuwa amepanga kusema vyumba vimekwisha. Lakini Mwanaisha alikuwa ameshaichukua karatasi mkononi mwake. Macho yake yakafika kwenye wino mwekundu, yakashuka hadi ule mstari mtupu, yakabaki hapo.

"Ni sisi," akasema polepole. "Ni mfungo wetu."

"Si nyinyi. Ni mimi nilisema tuache."

"Ulisema kwa ajili yetu."

 Warigia aliketi kando yake, na watu wa ofisi wakapita wakiwakwepa. Mwanaisha akaikunja karatasi, kisha akaikunjua tena. Akaanza kuhesabu mistari kwa kidole, kutoka juu, kwa sauti. Februari, moja. Machi, mbili. Warigia akamwacha ahesabu mpaka kumi na mbili, Agosti ikiwemo.