Kamera Iliyochungulia Pampu

Mhandisi alikuwa ameshachekwa mara mbili. Mara zote mbili kamera yake, iliyofungwa kwenye ncha ya mkono wa chuma, ilikizunguka kifaa ilichopaswa kukipiga picha pande zote kama ngamia wa kinu, na umbo lililotokea kwenye kompyuta likawa na mashimo kama jino bovu.

Hakukata tamaa. Kwa miezi minane aliandika programu upya. Safari hii kamera haikupangiwa njia: baada ya kila picha ilitafuta yenyewe mahali ambapo haijapaona, ikaenda huko.

Siku ya majaribio karakana ilifurika. Mzee Spana, fundi mkuu wa mitambo, aliingia na mzigo uliofungwa kwenye tambara.

"Mwanangu, kitu hiki mashine yako haijawahi kukiona."

"Ndicho ninachotaka, mzee."

"Haya. Usije ukalia tu."

Lilikuwa kasha la pampu kuukuu, limejiviringa kama konokono. Mwaka mzima pampu hiyo ilikuwa imegoma kuvuta maji, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mkono ukaanza kazi. Picha ya kwanza, ya pili, ya tano. Baada ya picha ya kumi na moja ukasimama kimya.

"Umechoka," Mzee Spana akasema. Watu wakaangua kicheko.

Mhandisi hakugusa kitu. Mara mkono ukajipinda, ukashuka, ukaingiza jicho lake kwenye mdomo wa chini wa kasha. Ukachungulia mara tatu. Kwenye kompyuta umbo likajaa, pande zote, nje na ndani. Shingoni mwa kasha tu ulibaki mstari mwembamba mweusi.

"Bado kuna pengo," mzee akasema.

"Si pengo la kamera. Ni ufa. Chukua tochi utazame."

Mzee Spana akapiga magoti, akamulika, akapapasa kwa kidole.

"Pampu inanyonya hewa hapa," akasema taratibu. "Mwaka mzima tunabadilisha mipira ya kuzibia bure. Kweli, mgeni njoo mwenyeji apone."

Akasimama, akavua kofia. "Mimi ndiye niliyekucheka mara mbili. Leo nichekeni mimi."

Wakamcheka kweli, na makofi yakafuata. Mhandisi alijifuta machozi kwa mkono wa koti, akampigia mama yake simu.

"Mama, imeona."

"Imeona nini?"

"Nitakupigia tena, mama." Mafundi walikuwa wameshapanga foleni hadi mlangoni, kila mmoja amekumbatia chuma chake kibovu kichunguzwe.