Bahasha ya Mpimaji

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Faili alikuwa akiandika, kwa mkono wake mwenyewe na wino wa ofisi, habari za watu waliozungumza na mume wake. Mume mwenyewe alikuwa amekufa. Mwanamke akisikia mumewe aliye hai anaonekana nyumba za watu, angalau ana pa kuanzia: atakwenda, atabisha hodi, atauliza. Bi Faili hakuwa na mlango wa kubisha.

Jina hilo alipewa kazini, maana ndiye aliyekuwa karani wa masjala katika Idara ya Uchunguzi wa Mambo Yasiyoelezeka, vyumba vitatu vya ghorofani, juu ya ofisi ya mita za maji. Idara ilianzishwa na watu waliochoka kubishana kuhusu mizimu wakaamua kuipima. Kabatini mlikuwa na mizani ya kupimia roho inapotoka mwilini, vipimajoto vya kutafutia baridi ya ghafla katika nyumba zenye mauzauza, kadi za kubahatisha zenye nyota na duara, na meza iliyosifika kwa kutembea yenyewe mpaka fundi alipogundua kwamba sakafu imeinama upande mmoja.

Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mpimaji, ndiye aliyekuwa mtafiti mkuu. Kichwa chake kilikuwa hakishiki kitu, kwa hiyo kila asubuhi mkewe alimwandikia karatasi ya mambo ya kukumbuka, akaikunja mara nne na kumtilia mfukoni. Siku moja alirudi mikono mitupu akaapa kwamba orodha ya vitu vya kununua ilikuwa mfukoni na imetoweka.

"Sababu hiyo wapelekee wenzako wa ofisini," mkewe alimwambia.

Akawapelekea kweli. Ikaandikwa daftarini kama Kisa cha Karatasi Iliyotoweka, uchunguzi unaendelea, na mlalamikaji na karani wakanuniana siku nne nyumba moja. Bi Faili hakuamini karatasi zinazotoweka wala kitu kingine chochote kilichomo kwenye kabati lile.

"Mtu akifa amekufa," alizoea kumwambia mumewe huku akimtafutia soksi. "Wewe chukua mwavuli."

Baadaye Mpimaji akaugua, akafa, akaacha bahasha. Lilikuwa jaribio kubwa la idara: mtafiti angali mzima huandika maneno ya siri, huyafunga kwenye bahasha kwa lakiri mbele ya mashahidi watatu, na akishakufa hujitahidi kuyatuma kutoka huko aliko. Anayeyapokea huleta taarifa masjala. Siku bahasha ya Mpimaji ilipofungwa, mashahidi walikagua gundi, lakiri, hata kucha za mwenyewe. Karatasi tu ndiyo hawakuigusa, maana kanuni ilikataza yeyote kuiona.

Taarifa zikamiminika. Dereva wa lori alimsikia marehemu kwenye redio. Bawabu wa benki aliambiwa "tarumbeta". Msusi mmoja alidai Mpimaji humjia saluni kila Jumanne, tena anavuta kiti na kukaa. Bi Faili aliziandika zote, namba moja hadi mia nne na kumi na mbili, akiuma meno, na kila Jumanne alimchukia yule msusi upya.

Kwake hakuja. Hakuja ndotoni wala waziwazi. Na yule mwanamke asiyeamini, aibu iliyoje, alikuwa akimsubiri. Alichotaka kujua kilikuwa kidogo tu: kama kweli wafu huzungumza, je, Mpimaji alimsahau yeye akakumbuka saluni?

Ndipo ofisi ya mita za maji ilipoandika barua kuvitaka vile vyumba. Idara isipoonyesha tokeo hata moja kufikia mwisho wa mwezi, ifungwe. Mwenyekiti wa kamati, daktari wa meno mstaafu na rafiki wa marehemu, akaitisha kikao saa nne asubuhi bahasha ifunguliwe.

Bi Faili aliketi na daftari mapajani, roho juu. Mwenyekiti aliing'oa lakiri kwa koleo la meno, taratibu, nusura aiombe ifungue kinywa. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasoma.

"Sabuni. Kitasa cha jikoni. Dawa ya kikohozi, ile chungu, si ile tamu."

Wajumbe wakaanza kupekua taarifa.

"Namba mia mbili na saba," mmoja alisema. "Msusi. Marehemu alikaa kitini akasema: sabuni."

Saluni ni mahali ambapo sabuni hutajwa toka kunakucha, lakini hilo halikumsumbua mtu. Mwenyekiti alitoa leso akajifuta macho.

"Mwenyekiti," Bi Faili alisema, "huo ni mwandiko wangu."

"Shemeji, msiba una mambo yake."

"Msiba gani? Hiyo ni orodha ya dukani. Nimeiandika mimi. Kitasa chetu kilikuwa kimevunjika."

"Kanuni inasema kilichomo ndani ya bahasha ndicho ujumbe. Haisemi ni mwandiko wa nani."

"Basi alitia karatasi siyo."

"Au alikuwa tayari anautumia mkono wako," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Hilo nalo tutalichunguza."

Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba jaribio limefaulu, la kwanza tangu idara ianzishwe, vyumba visiguswe, na msusi aandikiwe barua ya pongezi. Aliyeteuliwa kuiandika ni Bi Faili.

Hakuiandika. Alibaki akifikiri. Kama orodha yake iliingia kwenye bahasha, karatasi ya siri ilikwenda wapi?

Nyuma ya mlango wa chumba cha Mpimaji lilining'inia koti alilovaa siku ya lakiri. Lilikuwa na kibandiko: Kielelezo Namba Tatu, lisiguswe hadi jaribio limalizike. Bi Faili alikuwa amelipitia pembeni na kitambaa cha vumbi miaka yote kumi na mmoja, kwa sababu ni mtu wa kanuni. Sasa jaribio lilikuwa limemalizika, na dakika kumi zilikwisha pita.

Akatia mkono mfuko wa kushoto. Akatoa kifungo, uzi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa Mpimaji, ule wa kulala upande.

"Mke wangu alikuwa sahihi. Hakuna anayerudi."

Aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Kumbe mzee alijua. Alijua, na bado alipanda ngazi zile kila siku na mizani yake, na katika ndoa nzima hakuwahi kukubali uso kwa uso kwamba mkewe yuko sahihi, hata kuhusu chumvi. Katika taarifa zote mia nne na kumi na mbili hakuna hata moja iliyokaribia maneno haya. Kwa hiyo hakwenda kwa dereva wala kwa bawabu. Hakwenda saluni. Hakwenda popote.

Bi Faili alilia, koti likiwa mapajani. Alikuwa ameshinda ubishi wa maisha yake, na angetoa chochote ashindwe.

Baadaye alinawa uso, akarudi masjala, akatoa daftari la zamani kutoka rafu ya chini. Alipekua hadi akakipata Kisa cha Karatasi Iliyotoweka, cha tarehe ileile bahasha ilipofungwa, uchunguzi unaendelea. Akachovya kalamu akaandika chini yake, kwa herufi zake nzuri za kikarani: "Imepatikana. Mume wangu alisema kweli."

Kisha akapiga muhuri.