Barua Iliyosomwa Kilimani

Sitaki mtu anionee huruma katika jambo hili. Kosa ni langu, na nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, jikoni kwangu Kilburn, nimesimama kando ya sinki na barua ya hospitali mkononi.

Mume wangu Njenga aliendesha basi hapa London miaka kumi na moja kabla macho hayajaanza kumsaliti. Yalikuwa yanajifunga kutoka pembeni, polepole, hadi kufikia mwaka 2003 akawa anaona kwa katundu kadogo tu katikati. Kusoma alishindwa kabisa, kwa hiyo barua zake zote nilizisoma mimi. Ile ya tarehe pili Aprili ilikuwa jibu tulilolingoja tangu Krismasi: je, watamfanyia upasuaji au la?

"Wanasemaje?" akaniuliza.

Mimi ni nesi. Niliielewa barua yote, kila neno. "Wanasema watakuita," nikamwambia. "Bado wanaangalia."

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Nyeri mgonjwa haambiwi. Mama yangu alikufa kwa saratani akiamini ana vidonda vya tumbo, na sisi watoto wake saba tulimwangalia usoni tukimwambia wiki ijayo atarudi shambani. Tuliona huo ndio upendo. Binti yetu Emma, aliyezaliwa hapahapa London na wakati huo alikuwa na miaka kumi na tano, aliikuta barua nilikoificha, chini ya pakiti ya unga. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba hiyo barua si yangu. Nikamfukuza aende akafanye kazi ya shule. Lakini niliumia, maana mtoto alisema kweli.

Nikajipa sababu. Mwisho wa mwezi tulikuwa tunaenda Ufaransa na baiskeli, na sikutaka kumharibia safari. Nitamwambia tukirudi, nikajisemea.

Hayo mambo ya baiskeli yalianzishwa na Kailash, mzee wa Stanmore aliyezaliwa Nakuru, anayeongea Kiswahili alichojifunza dukani kwa baba yake. Ana kikundi cha kuwatoa nje watu wasioona. Baiskeli zao ni ndefu, za watu wawili, matairi manene ya kupanda milima. Anayeona anakaa mbele, asiyeona nyuma. Pedali zote zimeunganishwa, mmoja akizungusha, za mwenzake nazo zinazunguka. Njenga alikuwa amekaa kwenye sofa mwaka mzima akisikiliza redio na kumkasirikia kila mtu. Siku ya kwanza tulipomzungusha kwenye njia ya kando ya mfereji, alishuka akicheka. Wee! Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu wamnyang'anye leseni. Nikaapa kwamba huyu mtu hatarudi kwenye lile sofa, hata kama nitafia usukanini. Na mimi si mtu wa michezo. Nilikuwa na miaka arobaini na nane na magoti ya nesi.

"Wa mbele ana kazi mbili," Kailash alinifundisha. "Kushika usukani, na kusema kweli. Shimo ni shimo, Peris. Usimwambie ni kashimo."

Njenga akaongeza sharti lake. "Mama Emma, mimi nakujua. Ukinidanganya njiani hata mara moja, nashuka, na hii kitu sitaipanda tena."

Kila Jumamosi tukawa tunaenda msitu wa Epping kufanya mazoezi. "Mzizi! Tope! Kona kushoto! Tawi, inama!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Jumapili kanisani wakadhani nina homa. Sikumdanganya hata mara moja. Msituni, nasema. Nyumbani barua ilikuwa bado iko chini ya unga.

Tulivuka na meli hadi Dieppe siku ya Ijumaa, jozi sita na baiskeli zetu. Kesho yake tukaingia msituni. Miti ilikuwa mirefu, gome laini la kijivu, majani machanga ndiyo kwanza yanachipua, na njia ilikuwa imejaa mizizi na mawe na tope la mvua ya usiku. Nikamwambia yote. Tukatoka msituni tukaingia kijiji, tukatoka kijiji tukaingia msitu mwingine. Kwenye kijiji kimoja Kailash alituambia kanisa la pale lina miaka mia nane, lakini mimi nilichokodolea macho ni nyumba zenyewe.

"Baba Emma, hawa watu wana nyumba za udongo!"

"Acha mchezo."

"Haki ya Mungu. Mihimili ya mbao, na udongo katikati. Kama ile ya nyanya yako."

"Na wanakaa ndani?"

"Wanakaa, na watalii wanapiga picha."

Njenga alicheka mpaka baiskeli ikayumba, nikamwambia atulie asituue.

Ilipofika saa tisa alasiri miguu yangu ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tunaingia kijiji kingine, kidogo, na kijito kinapita kando ya barabara. Wenzetu wengi walikuwa wameshatangulia. Njenga akauliza, "Bado sana?"

"Ni hapo tu," nikasema. "Tumefika."

Jamani, si mnajua tunavyosema. Mtu wa kwetu atakuambia ni hapo tu, na kumbe utatembea mpaka viatu viishe. Hatuhesabu kwamba ni uongo, tunamtia mtu nguvu. Lilinitoka tu mdomoni. Na hapohapo Kailash, aliyekuwa akija nyuma yetu, akapaza sauti: "Peris, kunyweni maji kwanza! Bado kilomita tisa, na kile kilima chenyewe hatujakigusa!"

Pedali zikasimama. Njenga akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akaachia baiskeli nzima mikononi mwangu. Palikuwa na mahali pa kale pa kufulia nguo, pana paa na ukuta mfupi wa mawe, maji yanapita katikati. Akapapasa ukuta, akakaa. Kailash alitutazama, akaelewa, akasema atatungoja juu. Akaenda zake.

"Ni neno la mdomo tu, Baba Emma. Kila mtu husema hivyo."

"Najua. Nimelisikia maisha yangu yote." Akavua glavu, moja baada ya nyingine. "Sasa niambie. Ni nini kingine ulichonipunguzia?"

Ningeweza kusema hakuna. Uso wangu hakuuona vizuri, na ulimi wangu umezoea. Lakini nilijua kwamba nikimpandisha kwa uongo mwingine leo, siku akiujua ule wa barua atashuka kabisa, si kwenye baiskeli peke yake.

"Barua ilikuja," nikasema. "Hawatakuita. Hakuna upasuaji."

Maji yalipita. Nilitaka anitukane, angalau nijue pa kusimama, lakini alikaa tu na glavu zake mapajani. Nikaanza kulia, tena kwa sauti, na mama mmoja Mfaransa akafungua dirisha akatuchungulia kisha akafunga.

"Unaikumbuka?" hatimaye akauliza.

"Yote."

"Basi panda. Utanisomea tukienda. Nikiendelea kukaa hapa sitainuka."

"Njenga, kile kilima..."

"Panda, Mama Emma!"

Tukapanda. Kijiji kilikwisha na njia ikasimama wima mbele yetu, mawe matupu. Nikaweka gia nyepesi kabisa na nikaanza, huku nahema.

"'Mpendwa Bwana Njenga. Tumeyatazama matokeo ya vipimo vyako.' Jiwe, kulia!"

"Endelea."

"'Tunasikitika kukujulisha kwamba upasuaji hautakusaidia.'"

"Endelea."

"Mzizi! 'Uwezo wa kuona uliobaki unaweza... kupungua kidogo.'"

Pedali zikawa nzito ghafla. Alikuwa ameondoa nguvu zake miguuni, ameniachia kilima chote, na mwili wake wa kilo tisini nauvuta peke yangu. Magurudumu yakaanza kukwama.

"Hawakuandika hivyo," akasema nyuma yangu, taratibu.

Ngai! Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mimi mwenyewe, na mapaja yalikuwa yanawaka moto. "'Utaendelea kupotea!'" nikapiga kelele. "'Na tunatarajia utakwisha kabisa ndani ya miezi michache!' Haya! Umeridhika?"

Nguvu zake zikarudi. Baiskeli ikaruka mbele mpaka nikaung'ang'ania usukani. Alisukuma na hakupunguza tena. Nikamsomea kwamba dawa ya ugonjwa huu haipo. Nikamsomea namba ya mtu wa kumfundisha kutembea na fimbo. "Tope! Kona kushoto!" Nikamsomea mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimeurukaruka hata nilipousoma peke yangu: "'Tunakushauri uutumie muda huu vizuri, wakati bado unaona.'"

"Barua ni ya tarehe ngapi?"

"Tarehe pili."

"Na leo?"

"Ishirini na sita."

Dereva wa basi hakosei siku. "Umekula siku zangu ishirini na nne," akasema.

Nilizungusha pedali tu, yeye nyuma, mimi mbele, hatukupumzika wala hatukushuka kusukuma kama wengine walivyoshuka, mpaka njia ikalala na miti ikafunguka na jua likatupiga usoni. Kailash na wenzake walikuwa wamekaa mbali kidogo, wanakula machungwa.

"Simamisha," Njenga akasema.

Nikasimamisha. Akashuka. Nikajua ni hapa, sasa ananiacha na hii baiskeli yangu, na nikajiambia nitakubali, kwa sababu nimestahili.

"Njoo hapa penye jua. Vua hiyo helmeti."

Nikavua. Akanishika kidevu kwa vidole vyenye tope, akanisogeza mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Uso mzima haukuenea katika kale katundu kake. Aliutazama kipande kwa kipande, jicho hili, kisha lile, pua, mdomo, kovu langu la utotoni, bila haraka, kisha akapanda mpaka kwenye nywele na kusimama hapo.

"Hizi mvi zilianza lini?"

"Mwaka juzi."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Kailash alituita, akasema wenzetu wako tayari kuondoka.

"Wacha wangoje," Njenga akasema. "Geuka upande wa huku. Sijamaliza."

Nikageuka.