Anga Juu ya Ngano

"Hao wote uliowauliza ni watu wa ardhini," alisema Hermani, akiifunika kalamu yake taratibu. "Mimi nakuuliza habari za juu."

Nicodemo alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ile ya vibali pale Katesh, kofia ikiwa magotini. Nyuma ya Hermani, juu ya kabati, droni ya Nicodemo ilikuwa imelazwa na mikono yake minne imekunjwa, na mtu alikuwa ameweka sahani ya maandazi juu yake. Sahani ile ilimuudhi kuliko maneno. Aliiangalia mpaka akasahau alichotaka kujibu.

Alikuwa amefanya kila kitu kama inavyofanywa kwao Mogitu. Ukitaka kupitisha ng'ombe kwenye eneo la mtu, huandiki barua. Unakwenda kwenye boma lake, unasalimia, unaketi, unaulizwa habari za mvua na za watoto, na neno lako unalitoa mwishoni kana kwamba lilikuwa limesahaulika. Ukipewa maziwa ukanywa, umepita. Basi Nicodemo alizunguka boma kwa boma, kwa kila mtu ambaye droni ingepita juu ya paa lake, akanywa maziwa mpaka tumbo likamnguruma njiani. Hakuna aliyemkatalia. Mzee mmoja alimtemea mate ya baraka mikononi. Alishuka Katesh akiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kushinda kesi, kumbe kesi yenyewe ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Mwenyekiti wa kijiji naye amekubali," alijaribu tena.

"Anga haina mwenyekiti wa kijiji, ndugu yangu."

Hermani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha. Alikuwa Mmbulu wa Endagikot, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi la makaratasi, na kila alipokataa alikataa kwa huruma. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Huyu alimweleza Nicodemo kwamba walinzi wa shamba kubwa la ngano ndio walioikamata na kuileta droni, kwamba yeye hakupenda kuikalia, na kwamba siku Nicodemo atakapomwonyesha mahali panaporuhusiwa kuirusha, angemkabidhi mkononi bila maneno mengi.

Droni yenyewe ilikuwa takataka ya mtu mwingine. Mpima ardhi mmoja aliigonga kwenye mgunga, akaiacha kwenye kibanda cha Nicodemo, pale anapochaji simu za watu kwa sola na kufungua redio zilizokufa. Nicodemo aliunga mkono uliovunjika kwa kipande cha antena, akabadilisha nyaya, na jioni moja kitu kikanyanyuka. Hakuwa na kazi nacho. Alikirusha kwa raha tu, kuwatazama ng'ombe wa jirani wakirudi, kuona njia za miguu zinavyokutana kisimani. Ilikuwa starehe ya mtu ambaye maisha yake yote alikuwa ameyatazama kwa kuinama.

Kisha siku moja upepo ukaisukuma droni hadi ng'ambo ya mpaka wa shamba kubwa, na kwenye kioo cha simu Nicodemo akaona duara. Duara jeupe-jeupe katikati ya ngano inayoanza kukauka, pana kama zizi. Hakupata hata nafasi ya kulipiga picha. Walinzi walikuwa wamekwisha kufika na pikipiki.

Alijua duara lile ni nini, au aliamini kwamba anajua. Babu yake alizikwa kwa heshima ambayo Wabarbaig hawampi kila mtu. Ukoo ulijenga kilima juu ya kaburi lake, udongo juu ya udongo, miti ikafungwa kukishika, na kwa miezi watu walikusanyika pale, wakaketi kukizunguka, wakanywa pombe ya asali, ng'ombe wakaletwa. Shangazi yake Nicodemo, aliyekuwa msichana wakati ule, alibeba maji ya kukandia udongo. Halafu shamba likaja. Matrekta hayakuuliza boma lolote. Kilima kikasawazishwa, miti ikang'olewa, ngano ikapandwa, na ngano kwa macho ya mtu aliyesimama haina hapa wala pale, inafanana mpaka mwisho wa dunia.

Shangazi ndiye mtoto pekee wa mzee yule aliyebaki hai. Kila baada ya mvua alikwenda mpakani na fungu la majani mabichi ya kumwekea baba yake, kama inavyopasa, na kila mara aliyaacha chini ya nguzo ya seng'enge, kwa sababu hakujua ayatupe upande gani. Miguu yake sasa ilikuwa imevimba. Ngano ikivunwa, duara litaondoka nayo, na mwaka mwingine haukuwa na uhakika.

Basi Nicodemo alitafuta anga kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea. Alipanda Mbulu kwa rafiki yake Basili, mkulima wa vitunguu swaumu wa Endagikot, ili apate angalau mahali pa kutaja, droni itoke pale juu ya kabati. Basili alimwonyesha tuta lake la juu, akapiga mguu chini, akasema hapa tumelima tangu babu wa babu yangu, rusha hata asubuhi na jioni. Hermani aliposikia akatikisa kichwa: hapo ni jirani na shule, na zahanati iko bondeni. Alipaona hata bila ramani, maana ni kwao. Nicodemo akataja mteremko wa mlima. Msitu wa hifadhi. Akataja mbugani. Kuna nguzo za umeme mkubwa. Kila alipopataja paligeuka kuwa pa mtu, na mtu huyo hakuwa na boma ambalo ungeweza kwenda kuketi na kunywa maziwa.

Na wakati wote huo, akiwa njiani kwenda na kurudi, alikuwa akiiona ile droni ya shamba. Kubwa, ya mikono sita, ikining'inia juu ya ngano na kumwaga dawa. Upepo ukigeuka, harufu iliingia mpaka ndani ya maboma, ikakaa kwenye vibuyu. Hakuna aliyekuja kuuliza habari za watoto. Mwenye nguvu mpishe, wazee walisema, wakahamisha vibuyu. Nicodemo alisimama barabarani akaitukana kwa kelele, matusi ambayo hakuwahi kuyatumia hata kwa mnyama, na hayakumsaidia chochote.

Siku aliyorudi ofisini hakusalimia, jambo ambalo kwa watu wa huku ni sawa na kuvunja kitu. "Nionyeshe wewe," alisema. "Mimi nimemaliza kutafuta. Nchi yote hii, nionyeshe mahali pamoja."

Hermani alikohoa. Akageuza kompyuta yake. Ramani ilikuwa na wekundu kila upande, na wekundu ulipoisha ilianza rangi ya kusubiri kibali kutoka ofisi za mbali. Kulikuwa na kipande kimoja tu cha kijani. "Hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hawa waliiomba anga yao zamani. Meneja akikukubalia, unarusha chini ya kibali chao. Ni halali kabisa."

Nicodemo hakuhitaji kusoma jina. Alicheka, na Hermani akatazama chini. Lilikuwa shamba kubwa.

Shangazi alipoambiwa, hakupaza sauti. Alikuwa akisafisha kibuyu kwa kijiti cha moto, na aliendelea kukisafisha. "Twende tukamwombe ruhusa mtu aliyemlima baba yangu," alisema. "Ndivyo unavyoniambia, mwanangu."

"Ndivyo, shangazi."

"Mimi siombi."

Nicodemo alilala na hasira mbili, ya kwake na ya shangazi, na alipoamka alimkuta yule mama amekwisha kuketi nje ya kibanda, amevaa vazi lake la ngozi la siku kubwa, majani mabichi yamefungwa kwenye kitambaa. Wakashika njia ya shamba.

Meneja, Patriki, aliwapokea vizuri mno. Alimwamkia shangazi shikamoo, akawaletea soda, akasema vijana wabunifu ndio nchi inaowahitaji. Alimsikiliza Nicodemo akieleza kwamba anataka kurusha tu, na Nicodemo alijichukia kwa kusema "tu". Ruhusa ikatolewa papo hapo. Patriki alipiga simu ofisini mwenyewe, na droni ikaletwa ikiwa bado na chembe za maandazi. Sharti lilikuwa dogo: wabaki barabarani, maana ngano imekaribia kuvunwa na mtu yeyote asiikanyage. "Na unipigie picha nzuri," aliongeza. "Wenye shamba wanapenda kuiona kutoka juu."

Droni ilipanda ikilia. Nicodemo aliipeleka taratibu. Ngano, ngano, njia ya trekta, ngano. Halafu likaja lote mara moja, duara lililofifia ambamo ngano ilikuwa fupi na imekauka mapema, kwa sababu chini yake ardhi ilikuwa bado ngumu kwa kukanyagwa. Jembe lilikuwa limekiondoa kilima. Lakini miezi ile ya miguu na kwato lilikuwa limeshindwa kuiondoa.

Alimsogezea shangazi simu. Aliitazama kwa muda mrefu bila kuelewa, kama mtu anayeonyeshwa uso wake mwenyewe kwa nyuma. Aliuliza mlima uko upande gani wa kioo. Nicodemo akamwonyesha. Kidole chake kikashuka polepole.

"Ng'ombe waliingilia hapa," alisema. "Wanawake tuliketi hapa. Maji niliyaleta kwa njia hii." Kidole kikafika katikati, kikasimama. "Kumbe hukwenda popote, baba."

Akamrudishia simu, akafungua kitambaa, akashika majani, na akaingia kwenye ngano.

Mwanzoni Patriki alidhani amejikwaa. Alipoona anaendelea, masuke yakivunjika chini ya miguu yake iliyovimba, alimwita kwa adabu, kisha bila adabu. Akamgeukia Nicodemo. Alimwambia amrudishe huyo mama mara moja, kwamba walikubaliana vizuri, kwamba hivi ndivyo watu wanavyoharibu. "Kibali nilichokupa ni cha juu," alisema. "Chini sijakupa. Unanielewa? Chini ni mali ya shamba."

Nicodemo alimwelewa. Alikuwa ameuliza ardhi akanyimwa anga, akapewa anga akanyimwa ardhi, na kila aliyemnyima alikuwa na maneno mazuri. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Aliishusha droni kidogo, akaisimamisha mbele ya shangazi, akapaza sauti kwa lugha yao.

"Kulia kidogo, shangazi. Hapo. Nenda nayo moja kwa moja."

Patriki alikuwa amekwisha kutoa simu, anawaita walinzi. Pikipiki ikasikika mbali, upande wa ghala. Taa ya betri ikaanza kuwaka nyekundu, ikidai droni irudi, na Nicodemo akaiacha idai.

Kwenye kioo kilichopasuka pembeni, mstari mwembamba ulikuwa ukijichora ndani ya ngano, ukipinda mahali alipopumzika, ukiendelea. Uligusa duara. Uliingia kwa ule upande wa wanawake. Kisha mstari ukakoma, na yule mama akachuchumaa, na katikati ya weupe wote ule pakaonekana doa dogo la kijani.