Wanyumba Wawili Wahama Kambi

Wanaume waliooa nyumba moja hawakosi la kushindania. Wengine hushindana nani kampakia mama mkwe rangi ukutani, wengine nani ana gari linalowaka asubuhi bila kusukumwa. Mfamasia na mwanyumba wake walishindana kwa kamera. Mfamasia alikuwa ameoa dada mkubwa, mpima ardhi akaja kumuoa mdogo, na tangu siku ile walipogundua kuwa wote wawili wanapenda kupiga picha, familia haikula tena chakula cha Jumapili kwa amani.

Hakuna kati yao aliyekula kwa picha. Mfamasia alikula kwa duka lake la dawa, na mpima ardhi kwa kuweka mipaka kwenye viwanja vya watu wasiosalimiana. Picha zilikuwa za kujifurahisha tu, ndege juu ya waya, umande kwenye majani, na ndugu waliokamatwa wakiwa na tonge mdomoni. Ila mfamasia alikuwa wa kambi ya kamera zenye ukanda wa bluu, na mwanyumba wake wa kambi ya ukanda wa kijani. Wenye ugonjwa huu wanaelewa. Lenzi ya bluu haiingii kwenye kamera ya kijani hata uisukume kwa goti, kwa hiyo mtu akishanunua kamera na lenzi zake tatu nne, amefunga ndoa, na talaka yake ni ghali.

"Rangi zenu za kijani," mfamasia alipenda kusema huku akichambua samaki, "zinamfanya mtu mzima aonekane ana homa ya manjano."

"Angalau sisi tunaonyesha uso," mpima ardhi angejibu. "Nyie mnaonyesha vinyweleo."

Wake zao wangebeba sahani zao wakahamia jikoni.

Sasa ukweli, na mfamasia angekufa kabla ya kuusema, ni kwamba picha za mwanyumba wake zilimtoa udenda. Watu kwenye picha za yule bwana walikuwa hai. Watu kwenye picha za mfamasia walionekana kama wanasubiri majibu ya vipimo. Naye, badala ya kujiuliza anawaambia nini watu hao kabla ya kubonyeza, alikata shauri kwamba kosa ni la kamera. Mtu akitafuta wa kumlaumu, kisicho na mdomo ndicho cha kwanza kukamatwa.

Angeweza kuishi na donda hilo miaka mingi, lakini mama mkwe akatoa neno.

Sebuleni kwa mama mkwe palitundikwa picha moja tu, ya marehemu mumewe. Marehemu hakuwahi kupigwa picha peke yake. Alipofariki ilibidi akatwe kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, ikakuzwa, na mpaka leo begani kwake umebaki mkono wa mtu asiyejulikana, wenye saa ya dhahabu.

"Mimi sitaki hivyo," mama mkwe aliwaambia wakwe zake wawili Jumapili moja. "Nina wakwe wenye kamera kubwa kama vyungu, halafu siku nikiondoka nikakatwe kwenye harusi ya jirani? Jumamosi mje mnipige. Iliyo nzuri nitaitundika. Msumari nimeshapigilia, na ni mmoja."

Mfamasia alirudi nyumbani akiuwaza msumari ule. Wengine wangeona ni mashindano tu, lakini kwake halikuwa jambo dogo. Siku alipofungua duka la dawa, hakuna aliyeingia mpaka mchana, na aliyeingia alikuwa mama mkwe, akanunua dawa ya kikohozi ilhali hakuwa na kikohozi, akakaa kwenye benchi la nje akiinywa kijiko kwa kijiko ili wapita njia waone duka lina wateja. Mfamasia hakuwahi kumshukuru ipasavyo. Maneno yalikuwa yakimkwama. Picha ile alitaka iwe yake, na ilimuuma kufikiri kwamba itakuwa ya mpima ardhi.

"Nataka kubadilisha kamera," alimwambia mkewe.

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Hakugeuka. "Ile ya mwisho si ndiyo uliyosema ni ya mwisho?"

"Ilikuwa ya mwisho kwa kambi ile. Sasa nahamia kambi nyingine."

"Mchagua jembe si mkulima, baba watoto."

"Hilo ni la wakulima."

"Haya," mkewe alisema. "Mama yangu ana uso mmoja, utaukuta kwenye kamera yoyote."

Kesho yake mfamasia alikwenda kwa muuza kamera zilizotumika, mtu mwenye sauti laini na kioo cha kukuzia kilichoning'inia kifuani. Alifungua begi, akapanga juu ya kaunta kamera yake ya bluu na lenzi zake zote, na roho ikamuuma kidogo, kama mtu anayempeleka mbuzi aliyemlea mwenyewe sokoni. Kwenye lenzi kubwa kulikuwa na kipande cha plasta ya kidonda alichokibandika juu ya kaswichi ka fokasi, ka kuzuia picha isitoke ukungu, kwa sababu kaswichi kale kalikuwa kamelegea na kakiguswa tu na kiganja kanajizima. Muuzaji akakibandua kwa ukucha, akapafuta kwa spiriti mpaka pakang'aa.

"Umekuja na bahati," alisema muuzaji. "Kuna mteja ameniachia mzigo wake wote wa kijani. Anatafuta wa bluu, na ana haraka. Chukua wake, nimpe wako, kila mtu aniongeze kidogo tu cha usumbufu."

"Na kwa nini anaiacha kijani?"

"Anasema picha za bluu zina macho makali. Yeye anamwonea wivu mtu mmoja wa bluu."

Mfamasia alicheka. Akamhurumia mjinga huyo, popote alipo, anayekimbia neema kufuata vinyweleo. Akaikagua kamera ya kijani, akaona mchubuko karibu na kitufe cha kupigia, akaambiwa mwenyewe alikuwa mtu mwangalifu sana. Akalipa, akaondoka kwa mwendo wa bwana harusi.

Siku zilizobaki alijifunza kamera ile dukani, nyuma ya rafu za dawa za minyoo. Kila kitu kilikuwa kinyume. Lenzi iliyokuwa ikifungwa kwa kuzungusha kushoto sasa ilifungwa kulia, na kidole kilichotafuta mwangaza kilikuta flashi. Mteja mmoja alipewa dawa ya tumbo akiwa ameomba ya mba, akarudi kulalamika. Hata hivyo mfamasia alifurahi, maana kila picha aliyoiona kwenye kioo cha nyuma ya kamera ile ilikuwa nyangavu, tamu, ya kutundikwa.

Jumamosi wote wakafika. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejifunga kitambaa kipya kichwani, ameweka mikono magotini kama mtu anayesubiri kuapishwa. Binti zake walisimama ukutani. Mfamasia akafungua begi lake upande huu wa meza, mpima ardhi akafungua lake upande ule, na wote wawili wakainua vichwa kwa pamoja.

Mpima ardhi aliutazama mchubuko karibu na kitufe. Mfamasia aliitazama lenzi yake kubwa ya zamani, iliyooshwa, bila plasta.

"Mwanyumba," alisema mpima ardhi polepole.

"Mwanyumba," alijibu mfamasia.

Mama mkwe alikuwa akisikiliza, na wake zao walikuwa wameshaelewa. Dada mdogo aliziba mdomo kwa upande wa khanga. Mkewe mfamasia alikwenda jikoni ghafla, na huko zikasikika sufuria zikigongana bila kazi yoyote.

Mfamasia alianza kwa kuwa ndiye mkwe mkubwa. Alipiga, akatazama kioo, akapiga tena. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa safi. Mama mkwe tu ndiye hakuwa safi, alikuwa amekaza uso kama mlango wa benki siku ya sikukuu. "Mama, kidogo tu, legeza," alisema mfamasia. Mama mkwe akalegeza mabega, akakaza midomo zaidi. Wakaenda hivyo mpaka mama akauliza kama hiyo kamera inapiga picha au inapiga hodi.

Ikaja zamu ya mpima ardhi. Yeye kamera ya bluu ilimchukua muda, aliizungusha lenzi upande usio wake mpaka ikakwama, akaikwamua kwa bismillah. Lakini hakunyamaza. Alimuuliza mama mkwe kama kweli marehemu alimposa akiwa amevaa viatu vya kuazima.

"Nani kakwambia?" mama mkwe aliuliza.

"Binti yako."

"Viatu vilikuwa vya kaka yake, na vilikuwa vikubwa," alisema mama mkwe. "Alipoinuka kumsalimia baba yangu, yeye aliinuka, viatu vikabaki." Na uso wake ukafunguka. Hakucheka kwa sauti, aligeukia kidogo dirishani, na mfamasia akamwona ndani yake msichana wa zamani, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia akivitazama viatu visivyo na mtu.

Mpima ardhi alibonyeza. Akabonyeza tena.

Mfamasia akasikia kitu, au tuseme hakukisikia. Kamera ile ya bluu, kila inapomshika mtu vizuri, hulia kimlio kidogo, na mfamasia alikijua kama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Kimlio hakikulia. Akatazama kiganja cha mwanyumba wake, kimeikumbatia lenzi kwa chini, palepale plasta ilipokuwa. Kaswichi kalikuwa kamejizima. Kila picha iliyokuwa ikipigwa pale ilikuwa ukungu mtupu, na mpima ardhi, aliyeacha miwani yake ya kusomea garini, asingeona lolote kwenye kile kioo kidogo.

Ushindi ulikuwa umemjia wenyewe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi aliyoimudu maisha yake yote. Aliikaza mikono nyuma, akahesabu maua kwenye pazia. Mama mkwe akaendelea kusimulia jinsi marehemu alivyorudi kuviokota vile viatu kwa heshima zote, na macho yake yalikuwa yamejaa maji na furaha kwa pamoja, na mfamasia akajua kabisa kwamba uso ule hautarudi tena kwa kuombwa. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kuuomba dakika chache zilizopita.

"Kaswichi," alisema.

"Nini?"

"Pembeni mwa lenzi, chini ya kidole gumba chako. Kasukume juu, ukashikilie hapohapo, usikaachie. Haraka, asije akamaliza hadithi."

Mpima ardhi alikasukuma. Kimlio kikalia. Akabonyeza mara moja, na mama mkwe akamaliza hadithi, akafuta macho, akasema amechoka, nani anataka chai.

Wiki iliyofuata picha zilisafishwa, zikapelekwa kwa mama mkwe. Ya mpima ardhi ilikuwa moja tu iliyofaa, na ilitosha. Wote waliiangalia kwa muda mrefu. Mfamasia pia aliiangalia, akakiri kwa sauti kwamba ni nzuri. Za kwake mwenyewe hakuzitoa kwenye bahasha. Zilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Alijaribu kuzing'arisha kwenye kompyuta, uso wa mama mkwe ukajaa chenga kama wali uliomwagikiwa mchanga. Hakuelewa. Kwenye kioo zilikuwa zimependeza.

Mama mkwe alitundika picha yake mwenyewe, akasimama nyuma kidogo, akasema, "Sasa hata nikifa leo, niko." Kisha akawaambia wakwe zake wakae chini, wasimame kama wezi kwa nini.

Walipotoka kwenda magarini, mpima ardhi alikuwa akiburuza miguu.

"Mwanyumba, kuna jambo," alisema. "Kioo cha ile kamera yangu. Yako. Kile kioo kinadanganya. Nilikipandisha mwanga mpaka mwisho, kwa ajili ya jua la viwanjani, nikasahau kukirudisha. Picha ikionekana nzuri pale, ujue ni giza."

Mfamasia alisimama. "Ulijua siku ile?"

"Nilijua tangu ulipoanza."

"Na mbona hukusema?"

Mpima ardhi alikuna shingo. "Nilitaka kushinda."

Hasira ilimpanda mfamasia mpaka masikioni. Aliingia garini, akabamiza mlango, akamweleza mkewe yote bila kuvuta pumzi. Kwamba yeye ndiye aliyesema, mwenzake akanyamaza. Kwamba huo ndio uungwana wake. Kwamba angejua, naye angeufyata mdomo, wakaonana.

Mkewe alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Za kwako zilikuwa giza," alisema. "Za kwake zilikuwa ukungu. Ungeufyata, mama angetundika nini?"

Kupitia dirisha la gari mfamasia alimwona mama mkwe mlangoni, akimwonyesha jirani sebuleni kwake kwa kidole, na jirani akitikisa kichwa kwa kustaajabu. Ilimjia kwamba deni lile la dawa ya kikohozi amelilipa, ingawa kwenye picha ile jina lake halimo wala halitakuwamo.

Mpima ardhi alikuwa bado amesimama palepale uani, begi begani, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mfamasia akateremsha kioo.

"Turudishiane?" aliuliza mpima ardhi.

"Halafu kesho kila mmoja atamani tena cha mwenzake, turudi kwa yule wa sauti laini akatule mara ya pili? Thubutu." Akafungua mlango wa nyuma. "Ingia. Nionyeshe hicho kioo cha kamera kinapunguzwa mwanga wapi."